Joho la Kaabu: Historia ya Kumtuza Mtunzi wa Amani, Kutoka Madina Hadi Likoni

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah Subhanahu wa Taala, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Mwezi huu mtukufu ukiingia, mitaa yetu ya Likoni, Kisauni na Changamwe hujaa mashindano. Watoto hushindana kuhifadhi Qur'ani, madrasa hushindana kwa qasida, na vijana wengine hushindana kwa mpira usiku baada ya tarawehe. Mara kwa mara hutangazwa pia mashindano ya mashairi, michoro na michezo ya kuigiza juu ya amani, na mshindi hupewa tuzo mbele ya wazee. Ni jambo zuri, alhamdulillah. Lakini je, umewahi kujiuliza jambo hili lina asili gani, na kama lina faida yoyote zaidi ya kupigwa picha na kupewa cheti?

Mimi nilianza kujiuliza kwa sababu ya aibu. Nilikuwa na miaka 14 nilipoingia mashindano yangu ya kwanza ya shairi la amani. Nilishika nambari mbili, nikapewa msahafu na kalamu. Nikaenda mbio kumsomea shairi langu bibi mmoja jirani yetu Likoni, muuza viazi karai. Alisikiliza mpaka ubeti wa mwisho huku akigeuza viazi vyake, kisha akasema, "Mashallah mjukuu wangu, vina vimekaa. Lakini hiyo amani yako mbona haina mtu ndani? Mwaka wa tisini na saba mimi niliweka watu chumbani kwangu siku nne, sipumui. Hao mbona hawamo?"

Sikuwa na jibu. Nilihesabu nikaona neno amani nimelitaja mara kumi na moja, na kweli hakuna mtu hata mmoja. Makala haya ni jibu langu kwa bibi yule, ingawa nimechelewa.

KUTUZA NA KUTUNZA

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu, tuzo au tunzo ina udugu na kutunza. Kumtunza mtu ni kumwangalia asiharibike. Na kumtunza mtu pia ni kumpa kitu kwa kazi aliyoifanya vyema, kama wazee wetu wanavyomtunza mwimbaji harusini kwa noti au leso. Kwa hivyo anayetoa tuzo hafanyi kazi ya kusifu peke yake. Anasema kwamba kitu hiki ni chetu, na tunataka kiendelee kuwepo.

Sasa tazama hatari yake. Watu wakituza matusi, matusi yatatunzwa. Wakituza uchochezi, uchochezi utatunzwa. Waarabu wa zama za ujahili walijua nguvu hii vizuri. Kabila lililopata mshairi hodari lilifanya sherehe, kwa sababu mshairi alikuwa silaha yao. Ulimi wake ulilinda heshima yao na kuvunja heshima ya wengine.

Na silaha hii ilikaribia kuwachoma hata Waislamu wa mwanzo. Wanavyuoni wa sira wanasimulia kwamba Aus na Khazraj, makabila mawili ya Madina, walikuwa wamepigana miaka mingi kabla ya Uislamu, na vita vyao vya mwisho viliitwa Bu'ath. Walipokuwa wamekaa pamoja siku moja wakizungumza kama ndugu, kuna mtu wa fitina aliyewatumia kijana akae nao na awasomee mashairi yaliyotungwa siku za Bu'ath. Hakurusha jiwe wala hakuchomoa upanga. Mashairi tu. Watu wakaanza kujifaharisha, sauti zikapanda, mpaka wakaitana watoke na silaha zao. Mtume (s.a.w.) akawajia kwa haraka, akawakumbusha kwamba Allah ameziunganisha nyoyo zao. Wakalia, wakakumbatiana. Na wafasiri wengi wanakitaja kisa hiki wanapofasiri zile aya za Surat Aal-Imran zinazotuamrisha tushikamane na kamba ya Allah wala tusifarikiane.

Basi mwenye kusema "ni mashairi tu, ni maneno tu" hajaisoma sira.

ZUHAIR NA WALIOLIPA NGAMIA

Lakini hata katika ujahili alikuwepo mtu aliyeutumia ulimi wake vingine. Jina lake ni Zuhair bin Abi Sulma, mmoja wa washairi wa zile qasida kubwa zinazoitwa Muallaqat. Zama zake makabila ya Abs na Dhubyan yalikuwa yakipigana vita vya Dahis na Ghabra. Hayo ni majina ya farasi. Vita vilianza kwa ugomvi wa mashindano ya farasi, na inasimuliwa vilidumu miaka kama 40. Ndugu msomaji, hebu fikiri: watoto wanazaliwa, wanakua, wanakufa vitani, na chanzo ni mbio za farasi wawili.

Waliovimaliza ni wakuu wawili, Harim bin Sinan na al-Harith bin Auf. Hawakuhutubia sana. Walilipa. Inasimuliwa walibeba diya ya waliouawa, ngamia 3,000 kwa muda wa miaka mitatu, na wao wenyewe hawakuwa wauaji. Zuhair akatunga qasida yake mashuhuri kuwasifu wawili hawa na kueleza ubaya wa vita. Na Harim naye akamtuza Zuhair kwa zawadi nyingi, mpaka inasemekana mshairi akawa anaona haya kukutana naye, kwa kuogopa asipewe zaidi.

Hapa pana funzo la kwanza. Shairi la Zuhair halikusifu amani hewani. Lilisifu watu wenye majina waliotoa mali yao ili damu isimwagike. Shairi la amani lilikuwa na mtu ndani, kama alivyotaka bibi wa viazi.

KAABU APEWA JOHO

Miongoni mwa watoto wa Zuhair walikuwemo Bujair na Kaabu, wote washairi. Bujair alisilimu. Kaabu akakasirika, akamtungia nduguye beti za kumlaumu, na ndani yake akamgusa Mtume (s.a.w.) kwa maneno mabaya. Kwa hukumu ya wakati ule wa vita, Kaabu akawa ni mtu anayetafutwa, na damu yake haina dhamana.

Baada ya Makka kufunguliwa katika mwaka wa 8 Hijria, Bujair akamwandikia nduguye. Akamwambia kwamba Mtume (s.a.w.) hamuui mtu anayemjia hali ametubia. Dunia ilikuwa imemwia finyu Kaabu, hata kabila lake halikutaka kumlinda. Akafunga safari mpaka Madina. Baada ya sala ya alfajiri akaenda akaketi mbele ya Mtume (s.a.w.), akaweka mkono wake katika mkono wake, na Mtume hakuwa akimjua kwa sura. Akamuuliza kama Kaabu bin Zuhair atasamehewa lau ataletwa hali ametubia. Akajibiwa ndiyo. Akasema kwamba yeye ndiye Kaabu. Mmoja katika Ansari akaruka kutaka kumpiga, Mtume (s.a.w.) akamzuia.

Hapo ndipo Kaabu akasoma qasida yake inayojulikana kwa jina la Banat Suad. Inasimuliwa kwamba Mtume (s.a.w.) alivua burda yake, yaani joho alilokuwa amejitanda, akamvisha Kaabu. Mtu aliyeingia mjini akiogopa panga alitoka amevaa nguo ya Mtume. Inasemekana baadaye Muawiya (r.a.) alitaka kulinunua joho lile kwa dirham 10,000, Kaabu akakataa. Alipokufa, warithi wake wakaliuza kwa dirham 20,000, na makhalifa waliofuata wakawa wakilivaa siku za Idi.

Kwa ajili ya amana ya elimu niseme kwamba kisa hiki ni mashuhuri sana katika vitabu vya sira, lakini baadhi ya wanavyuoni wa hadithi, akiwemo Ibn Kathir, wameeleza kwamba habari ya kuvishwa joho haikuja kwa isnadi yenye nguvu. Tunaisimulia kama historia iliyopokewa na umma karne kwa karne. Ama kwamba Mtume (s.a.w.) alisikiliza mashairi mema, akamwekea Hassan bin Thabit mimbari msikitini, na akasema kwamba katika mashairi mna hekima, hayo yamo katika vitabu vya hadithi. Na mwisho wa Surat Ash-Shuaraa, baada ya kulaumiwa washairi wanaotangatanga na kusema wasiyoyatenda, Allah amewatoa katika lawama wale walioamini na kutenda mema.

Umma haukulisahau joho. Karne ya 13, al-Busiri wa Misri aliugua kupooza, akatunga qasida ya kumsifu Mtume, na inasimuliwa aliota anafunikwa joho, akaamka mzima. Ndiyo Burda hii inayosomwa pwani yetu mpaka leo. Wengi wetu tumeisoma tukiwa wadogo bila kujua kwamba jina lake linatukumbusha tuzo aliyopewa mtu wa msamaha.

Funzo la pili basi ni hili: tuzo ya Kaabu haikuenda kwa mtoto mwema wa mtaa. Ilikwenda kwa aliyekosa kwa ulimi, akarudi kwa ulimi.

MVITA, MJI WA VITA NA MASHAIRI

Sasa tuje nyumbani. Mji wetu wenyewe kwa jina la zamani ni Mvita, na wazee wanalihusisha na vita. Mshairi wake mkubwa wa kale ni Muyaka bin Haji, aliyeishi baina ya mwaka 1776 na 1840. Wataalamu wanasema yeye ndiye aliyeutoa ushairi wa Kiswahili msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga juu ya njaa, mapenzi, ukata, majini na siasa.

Tusimfanye Muyaka kuwa malaika. Alikuwa upande wa Mazrui, watawala wa Mombasa, dhidi ya Maimamu wa Oman na watu wa Lamu. Mashairi ya kujibizana yalikuwa yakienda na kurudi baina ya Mvita na Lamu, ambako aliyejulikana sana ni Zahidi Mngumi. Karibu mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yalipigana na Lamu pale Shela, yakashindwa vibaya. Na Lamu, kwa kuogopa kulipiziwa kisasi, ikaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Mlango ukafunguka. Mwaka 1837 Seyyid Said akaichukua Mombasa yenyewe, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi. Jamaa zao wengine walihamia Takaungu na Gasi. Waislamu wa lugha moja na qibla kimoja walitiana maneno mpaka wakatiana panga, na aliyefaidika ni wa tatu.

Lakini hadithi ya mashairi ya Muyaka ina upande mwingine, na upande huu hauelezwi sana. Muyaka alipokufa, mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Aliyeyaokoa ni mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, akishirikiana na padri Mwingereza, W. E. Taylor, wa shirika la CMS, katika miaka ya 1880. Kumbuka hali ya wakati ule. CMS ndio walioanzisha Frere Town kule Kisauni katika miaka ya 1870, makao ya watumwa walioachwa huru, na kengele yake ndiyo iliyotupa jina la Kengeleni. Wenyeji wenye watumwa walikuwa na hasira na wamishonari, kwa sababu watumwa waliotoroka walikuwa wakikimbilia huko. Mji ulikuwa na wasiwasi. Na katikati ya wasiwasi huo, mwalimu Mwislamu na padri Mkristo walikaa pamoja wakiandika beti, wakiulizana maana. Mwalimu Sikujua alikufa mwaka 1890. Hakuna aliyebadili dini. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka kutokana na kazi hiyo, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake juu ya Muyaka. Wewe unayemsoma Muyaka chuoni leo una deni kwa wawili wale.

Hawakupewa tuzo yoyote. Lakini walitunza.

USIKU WA AGOSTI 1997

Sisi tuliozaliwa baadaye tunasikia tu "Likoni clashes", au "vita vya Kaya Bombo", kama kitu cha zamani. Tuyataje wazi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kituo kidogo cha feri. Polisi sita waliuawa, na bunduki zaidi ya 40 zikachukuliwa. Vibanda na nyumba zikachomwa. Waliolengwa hasa ni watu wa bara: Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Katika wiki zilizofuata waliouawa walizidi 100, na watu kama 100,000 walihama makwao. Wengi walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Na baada ya wavamizi kulikuja msako wa askari, ambapo vijana wengi wa Kidigo walikamatwa, na wengine wakateswa, wakiwamo wasiojua lolote.

Kwa nini? Malalamiko yalikuwa ya kweli: ardhi, kazi bandarini na hotelini, vijana kuona wageni wanapata na wao hawapati. Lakini malalamiko ya kweli yalitumiwa. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huo huo. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998 na ripoti yake kutolewa hadharani mwaka 2002, ilieleza jinsi siasa ilivyohusika. Na kabla ya panga kulitangulia maneno: minong'ono, vikaratasi vya kuwaambia wabara warudi kwao, ahadi na viapo. Ni yale yale ya Bu'ath. Mtu haamki tu asubuhi akamchoma jirani waliyekopeshana chumvi. Kwanza hufundishwa jina jipya la kumwita.

Na mapya hayakukosekana. Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani Likoni siku ya Jumapili wakaua waumini sita. Novemba mwaka huo polisi walivamia misikiti ya Majengo na Kisauni, mamia ya vijana wakakamatwa, na misikiti ikafungwa kwa muda. Baadaye Kisauni ikaja kujulikana kwa makundi ya watoto wenye mapanga, wengine hata ndevu hawajaota. Ndugu zangu, hawa ni wanafunzi wa madrasa zetu. Tulisoma nao juzuu amma.

TUZO KWA ALIYETOKA JELA

Utasema, basi tutunge mashairi ya amani kwa wingi. Ngoja kwanza. Kuna aina ya amani ambayo maana yake ni "nyamaza". Mwenye kudhulumiwa anaambiwa asiseme, asije akavunja amani. Historia ya Mombasa ina jawabu la hili.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Akiwa kijana wa miaka 22, mwaka 1968, aliandika karatasi yenye jina Kenya: Twendapi?, akiilaumu serikali kwa jinsi ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Akakamatwa. Machi 1969 akahukumiwa kifungo cha miezi 18, kisha kwa rufaa ya serikali kikaongezwa mpaka miaka mitatu. Muda mwingi wa kifungo aliwekwa peke yake. Hakupewa karatasi, akawa akiandika mashairi yake juu ya karatasi za chooni. Alitoka mwaka 1972. Mwaka 1973 mashairi yale yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Tuzo iliyobeba jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Mwenyewe wakati huo alikuwa ameshahamia Tanzania, akifanya kazi ya uchunguzi wa Kiswahili Dar es Salaam.

Mimi naona hapa pana funzo la tatu. Majaji wa mwaka 1974 hawakuuliza kama mtunzi amewafurahisha wakubwa. Walitazama kazi, wakaona kweli na ufundi, wakaituza. Na Abdilatif hakuua mtu wala hakuwaita watu wachome nyumba. Dhuluma aliijibu kwa neno. Amani si kunyamaza. Anayesema dhuluma kwa ulimi safi anafunga mlango ambao mwenye panga angeupitia.

DEKHA NA WANAWAKE WA SOKONI

Mfano wa mwisho si wa mshairi, lakini ni wa tuzo na ni wa Mwislamu mwenzetu. Dekha Ibrahim Abdi alizaliwa Wajir mwaka 1964. Mwanzo wa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikiuana. Dekha na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakihakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kudhuriwa. Kutoka hapo wakawafikia wazee, kisha vijana, na mwaka 1993 wazee wakatia saini mapatano ya Al-Fatah. Dekha, ambaye baadaye aliishi Mombasa, alikuwa akisema wazi kwamba msingi wa kazi yake ni Qur'ani na kuihesabu nafsi. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Sweden. Alifariki Julai 2011 kwa ajali ya barabarani. Allah amrehemu.

Hata hapa kwetu, baada ya 1997, masheikh, maaskofu, wachungaji na wazee wa Kihindu walikaa meza moja, na matokeo yake ni lile Baraza la Viongozi wa Dini la Pwani linalojulikana kwa herufi za CICC. Mbegu ilitoka kwenye majivu ya Likoni.

BASI SISI TUFANYE NINI?

Ndugu vijana, kama jumuiya yetu itaendelea kutoa tuzo kwa kazi za amani, na naomba iendelee, historia inatupa masharti ya kufuata.

Kwanza, kazi iwe na mtu ndani, kama Zuhair. Kijana aende kwa bibi yake, kwa babu yake mstaafu wa bandari kule Changamwe, kwa jirani wa bara aliyekaa Magongo miaka 30, aulize: nani alilipa ili damu isimwagike? Aandike hilo kabla wazee hawa hawajaondoka. Asitaje jina la mtu bila ruhusa yake, kwani wengine bado wanaogopa.

Pili, mlango uwe wazi kwa akina Kaabu. Kijana aliyekuwa na panga akaliacha, akija na shairi lake bovu la vina, asifukuzwe. Ansari aliyeruka kumpiga Kaabu alikuwa mtu mwema, lakini siku ile alizuiwa.

Tatu, tusiogope ukweli. Shairi linalosema kwamba kuna vijana wa Kisauni wasio na kazi, au kwamba fulani alichukuliwa usiku na hakuonekana tena, si la uchochezi kwa sababu tu linauma. La uchochezi ni lile linalomfanya jirani kuwa mnyama.

Nne, tuwaalike na wasiokuwa Waislamu washindane nasi. Mashairi ya Muyaka yaliokolewa na mikono miwili, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani.

Na tuzo yenyewe isiwe kubwa mno. Joho moja lilitosha.

Tuko ndani ya Ramadhan. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyefunga akitukanwa au akichokozwa na mtu, aseme kwamba yeye amefunga. Tazama jinsi ilivyo: jawabu la ugomvi ni neno, tena neno fupi. Swaumu ya tumbo inaisha magharibi. Swaumu ya ulimi ni ya mwaka mzima.

Ama bibi wa viazi, bado yupo, na futari yake ni tamu vile vile. Juzi nilimwendea na daftari, nikamwamkia, nikamwomba anieleze zile siku nne tangu mwanzo. Akapangusa mikono kwa leso, akaniambia, "Keti. Walikuwa watano, na mmoja alikuwa na mtoto wa kunyonya." Sasa naandika. Inshallah mwaka huu shairi langu halitakuwa tupu.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu kama ulivyoziunganisha za Aus na Khazraj, warehemu waliokufa Likoni bila hatia, waongoze vijana wetu, na zifanye ndimi zetu ziwe za kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.